Raba Iliyokataa Chuma

Jirani yangu Georgette hapendi kuitwa fundi viatu. Atakusahihisha palepale: yeye hugandisha. Kiatu, ndala, mpira wa breki ya baiskeli, chochote kilichoachana na mwenzake yeye hukirudisha. Kazi hiyo alitoka nayo Uvira, Kongo, na tangu tufike kambi ya wakimbizi ya Nakivale, hapa Uganda, mwaka tisini na nane sijaiona mikono yake bila gundi. Hata ugali wake mimi huula kwa tahadhari.

Banda lake liko Rwekubo, kando ya njia ya Mbarara, na hapo ndipo Naboth alipomkuta mwaka 2009. Naboth alikuwa sajenti, mguu wake mmoja ulibaki vitani, naye akapewa kazi ya stoo katika kambi ya jeshi Mbarara. Mguu wake wa bandia ulikuwa bomba la chuma, chini yake bamba la chuma, na chini ya bamba raba ya tairi. Raba hiyo ndiyo iliyokuwa ikibanduka. Aliwahi kuikaza kwa skrubu, vichwa vya skrubu vikateleza kwenye saruji, akaanguka chali mbele ya askari wake.

"Nyabo, mama, mtoto yangu Olivia naolewa mwezi ya kumi na mbili," alimwambia Georgette. "Mimi nataka kupeleka yeye mpaka mbele ya kanisa, bila fimbo. Hii kitu ikitoka katikati, mimi nakufa na haya."

"Tuliza roho, Papa Olivia. Itashika tu."

Kuahidi ni rahisi. Georgette aliisugua raba, akaupiga msasa uso wa bamba mpaka ukakwaruzika wote, maana chuma laini hakiipi gundi pa kujishikiza. Akapangusa kwa petroli, akapaka gundi pande zote mbili, akangoja ikauke mpaka kidole kisinate, ndipo akazikutanisha na kuzigonga kwa nyundo. Naboth akaondoka akitembea kama bwana harusi mwenyewe. Haikupita wiki, raba ikafunguka mdomo.

Akarudia, kwa msasa mkali zaidi. Ikabanduka tena. Sasa Georgette akailaumu gundi, akamlaumu aliyemuuzia gundi, mwisho akanilaumu mimi kwa kusimama bandani nikipiga domo. Nilimwacha aseme. Harusi ilikuwa inakaribia, na nilijua anachoogopa: mzee wa watu kuanguka mbele ya binti yake, na raba ni ya Georgette.

Mara ya tatu alibeba vyombo vyake hadi Mbarara, nami nikamfuata. Akagandisha palepale uani kwa Naboth, na Kellen, mkewe, akatukaribisha matoke na maziwa. Tulipokwisha kula, Naboth alifungua mguu wake, akauweka magotini, akatoa kikopo na kitambaa, akaanza kuupaka mafuta ya bunduki. Taratibu, kutoka juu kushuka chini, mpaka ukingoni kabisa mwa raba.

Georgette aliruka. "Papa Olivia! Unapakaka hayo mafuta kila siku?"

"Kila jioni. Na asubuhi nikikuletea wewe, napaka sana, ifike safi. Chuma bila mafuta ni uchafu. Jeshi nafundisha sisi hiyo."

"Mafuta inaingia pale katikati, gundi inakufa! Ni wewe mwenyewe unaibanduaka!"

Kellen alicheka mpaka akakaa chini. Alisema tangu aolewe hata bawaba za mlango wake hazijawahi kulia. Lakini Naboth hakucheka. Alikishika kikopo kwa mikono miwili, akasema chuma kitaota kutu, na askari mwenye kutu ni askari gani? Mazoea yana taabu, na nilimhurumia kwa kweli.

"Kamata moja," Georgette akasema. "Mafuta ao harusi."

Naboth akampa mkewe kikopo. Georgette akabandua kazi yake yote, akasugua na kuosha upya, akagandisha. Jioni zilizofuata, Kellen alitusimulia, mzee hakujua aipeleke wapi mikono yake, basi akapewa maharage achambue.

Siku ya harusi kanisa lilijaa. Naboth aliingia na Olivia mkononi, bila fimbo, polepole, kiatu kimoja kikilia na raba kimya. Wanawake wakapiga vigelegele. Mimi nilishangilia kwa sauti yangu yote, na nikimgeukia Georgette namwona ameinama, macho sakafuni kwenye ile raba, hapumui. Alibaki hivyo mpaka Naboth alipofika mbele na kumkabidhi mwanawe kwa bwana harusi.

Tuliporudi Kashojwa, kijiji chetu huko Nakivale, wanawake walitukimbilia. Gauni lilikuwaje? Lilikuwa na mkia? Na maua je?

"Sijue," Georgette alisema, akifuta machozi huku anacheka. "Bibi harusi mi sikumuona hata."