Kiti cha Dirishani

Dada yangu anaishi Fort Ternan, karibu na reli, na macho yake yamezimika. Mara ya mwisho tulipoonana alinishika mkono akasema, "Niletee wajukuu wako wote siku moja. Unipe mkono wa kila mmoja na uniambie jina." Nikamwahidi.

Lakini mimi niko huku Roret, na mgongo niliobebea kikapu cha majani chai miaka yote ile haukubali tena safari ya kushuka gari hapa na kupanda nyingine pale. Gari ndogo ya mwanangu nayo ilikuwa inajaa watoto kabla sijamaliza kuvaa viatu. Kwa hiyo aliposema bonasi ya majani ikitoka tutatafuta van, moja iliyotumika lakini nzuri, wenzangu walisikia van. Mimi nilisikia Fort Ternan.

Siku ya kuchagua nikaenda nao Kericho, kwenye yadi ya magari. Mke wa mwanangu ni nesi. Sharti lake lilikuwa moja na hakulilegeza. "Kila mtoto na mkanda wake. Hakuna kupakatana. Mimi ndiye huwa nawapokea wale waliorushwa nje ya kioo." Hakuna aliyebishana naye.

Mwuzaji, kijana wa maneno mengi, akauliza, "Kwani nyumbani mko wangapi?"

Mwanangu akanitazama. Kwetu watu hawahesabiwi, na watoto ndio kabisa. Ukitaja idadi yao kwa mdomo ni kama umeyaonyesha mabaya njia ya kwenu. Unawataja mmoja mmoja kwa majina, basi. Na majina ndiyo shule yangu. Darasani sikukaa sana, lakini mpaka leo najua jina la kila mwanamke niliyechuma naye, na la mama yake.

"Shosho, sema namba tu, hapa si kanisani," akacheka yule kijana.

"Viti nitakuhesabia," nikamwambia. "Viti havina mama."

Ilikuwepo van moja nyeupe ya viti saba, mikanda yote mizima. Fundi tuliyekuja naye alikuwa amelala chini yake akatoka ameridhika. Nikaingia. Nikashika kiti cha dereva nikataja jina la mwanangu, cha pili nikataja la mkewe. Halafu wajukuu: yule mkubwa anayenisaidia jikoni, yule anayepoteza viatu, yule mwoga wa ng'ombe, na yule mdogo anayelala akitafuna. Kikabaki kiti kimoja, nyuma, dirishani. Nikakaa nikataja jina langu. Nikavuta mkanda nikaufunga, ukalia *tak*. Kwa macho ya moyo nikaona miwa ya Fort Ternan na reli, na dada yangu amekaa mlangoni.

"Imetutosha," nikasema.

Mke wa mwanangu alikuwa amesimama mlangoni mwa van, mkono juu ya sweta yake. "Mama," akaniambia polepole, "na huyu?"

Tumbo lilikuwa limeshatangulia mbele, sote tulikuwa tunaliona. Lakini kwetu mtoto hupata jina akishazaliwa. Kina mama wazee humwitia majina ya waliotutangulia, mpaka apige chafya kwa moja, nalo likawa lake. Huyu alikuwa bado hana jina, na mimi nilikuwa nahesabu kwa majina. Nilimpita.

Mwuzaji akatukimbiza kwenye nyingine ya viti vinane, tena ya bei nafuu zaidi. Fundi akainua zulia, akagonga sakafu kwa bisibisi, ikaingia kama kwenye ugali. Kutu. Kiti cha nyuma kabisa hakikuwa na mkanda hata mmoja.

"Hao wa nyuma si watashikana tu," mwuzaji akasema.

"Washikane na nani, na mama yako?" mke wa mwanangu akamjibu.

Mwanangu akaja kando yangu. "Mama, tunaweza kungoja bonasi ya mwaka ujao. Tupate kubwa."

Mtoto hangengoja. Nikamwambia, "Chukua ile nyeupe."

"Na Fort Ternan?"

"Fort Ternan haihami."

Mtoto akazaliwa, msichana. Akapiga chafya kwa jina la mama yetu, mama yangu na dada yangu. Kiti chake kidogo kikafungwa pale dirishani nilipokuwa nimekaa.

Walipokuwa wanaenda Fort Ternan, yule mjukuu mkubwa alishuka. "Kogo, kaa kwangu, mimi nibaki." Nikamrudisha. Dada yangu alisema wote, na wote ni wote. Nikasimama getini mpaka van ikamezwa na majani chai.

Mchana mwanangu akapiga simu, akaiweka sauti ya juu karibu na dada yangu. Watoto wakampa mikono mmoja mmoja, kuanzia mkubwa, na mimi huku nikataja majina. Alikuwa anayarudia, anacheka. Wa mwisho nikataja jina la mama. Akaushika mkono wake. Nikasikia mtoto anakoroma kidogo.

"Kamkono kadogo hivi," akasema. Kisha, "Na wewe? Wako uko wapi?"

Nikautazama mkono wangu. Ulikuwa umeshika simu.