Niliyoyaficha Kilosa

Niliondoka Wete kwa sababu nilitaka ualimu, na Pemba nafasi ya ualimu sikuipata. Rafiki wa mjomba wangu, karani wa shamba la mkonge karibu na Kilosa, aliandika kwamba watoto wa manamba, wakataji wa mkonge, wana banda la shule lakini hawana mwalimu. Wa mwisho aliukimbia mto masika yaliyopita. Mama aliposomewa barua alishika kichwa. "Bara huko mto unakula reli, mwanangu. Utafundisha samaki?" Nilicheka. Ninyi mnaoniuliza kila siku habari za safari ile, nawaandikia zote leo, na mwisho wake sijamsimulia mtu.

Kutoka Dar es Salaam nilipanda gari moshi. Tulipoipita Morogoro mvua ilianza, na tulipokaribia Kilosa gari likawa linatambaa. Nilichungulia dirishani: maji mekundu yalikuwa yamefika ubavuni mwa tuta la reli, na wanaume wenye fito walitangulia kwa miguu wakipima njia. Mama mmoja wa Tindiga, aliyepakata tenga la kuku, aliniona midomo ikichezacheza kwa dua.

"Usiogope, baba," akasema. "Likianguka, tutaanguka wote."

Maneno hayo hayakunisaidia hata kidogo.

Stesheni ya Kilosa nilipokewa na Mzee Komba, nyapara wa shamba, mtu wa Songea.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Kuogelea unajua?"

"Mimi mtu wa Pemba, mzee."

"Basi sahau Pemba. Mto wetu huu, Mkondoa, hauogelewi. Ukisikia wanawake wa kambini wanapiga mabati, acha kila kitu, panda kwenye tuta la reli."

Usiku ule na uliofuata nililala na viatu.

Darasani walikuwa watoto thelathini na mmoja: Wangoni, Wahehe, Wanyakyusa, Wasagara wa hapo hapo. Majina yao yalinipiga chenga, na mimi, kwa kiburi cha mwalimu mgeni, niliona aibu kuyakosea mbele yao. Kwa hiyo kila asubuhi niliwahesabu tu, kama vitita vya mkonge, na niliyemtaka nilimwita "wewe".

Siku ya nne, saa nne asubuhi, jua lilikuwa linawaka, ingawa milimani kulikuwa kweusi. Ubao ulikuwa umejaa. "Wewe," nilimwambia msichana aliyevaa kaniki, "nenda mtoni uchote maji ya kufutia ubao." Alichukua kopo akatoka mbio.

Haukupita muda, mabati yakalia. Niseme kweli: nilitoka mlangoni kabla ya watoto. Nilikimbia bila kugeuka, nao wakanifuata, na tulipofika juu ya tuta maji yalikuwa yameshaingia bandani. Nilihesabu. Thelathini. Nikahesabu tena. Thelathini.

"Hayupo nani?" Mzee Komba aliuliza.

Nilifungua mdomo, jina sina. "Msichana mwenye kaniki."

"Wenye kaniki hapa ni nusu ya kambi! Jina, mwalimu!"

Niligeukia maji nikapiga kelele, "Wewe! Wewe!" Hapakuwa na jibu. Mtoto mmoja nyuma yangu akaita, "Tusekile!" Mwingine akadakia, kisha wote thelathini wakaita jina hilo kwa pamoja. Ndipo sauti nyembamba ikajibu kutoka mashambani. Alikuwa amepanda juu ya toroli lililosheheni mkonge, lililokwama kwenye reli yake ndogo, na maji yalikuwa yamefika kwenye mzigo. Mzee Komba na wakataji wawili walijifunga kamba viunoni wakaingia. Nilifumba macho hadi niliposikia watu wakishangilia. Tusekile alitolewa akiwa bado amekumbatia kopo.

Adhuhuri mama yake alifika kutoka shamba la mbali alikokuwa akipalilia. Alipiga magoti matopeni akanishika mikono yote miwili.

"Asante, mwalimu. Mungu akubariki kwa kunitunzia mwanangu."

Watoto thelathini walinitazama. Tusekile alitazama chini. Nami nikasema, "Usijali, mama."

Reli ilikuwa imekatika na banda limechukuliwa, nikaambiwa nirudi kwetu hadi niitwe. Nilipata lori la kwenda Morogoro kwa njia ya Mikumi. Mikumi tembo waliziba barabara, dereva akazima injini, abiria tukabana pumzi. Tembo mmoja alipiga hatua kuelekea kwetu huku ametandaza masikio, na mama aliyeketi karibu nami akaanza kulia kimyakimya. Niliogopa, sikatai. Lakini tembo walipita wakaenda zao. Macho ya watoto wale nilikuja nayo hadi Wete.

Juzi barua ya karani ya kuniita imefika. Banda jipya limejengwa karibu na tuta, na mama Tusekile ananisalimu sana. Mama yangu hataki hata kusikia. Mimi naye tunaogopa mto ule ule, ila mimi nina hofu nyingine zaidi ya hiyo. Nimejifunza kwamba mtoto usiyemjua jina hujapokea dhamana yake, hata ukimhesabu mara mia.

Nitakwenda. Kabla ya kushika chaki nitapita kambini, nimwambie mama Tusekile ni nani aliyemtuma mwanawe mtoni siku ile. Kisha nitasimama mlangoni pake, aamue yeye kama nimfundishe mwanawe.