Kipande cha Udhibiti

Wapo wanaojivunia watoto wao, wapo wanaojivunia ng'ombe wao. Mimi, kwa msimu mmoja mzima wa viazi, nilijivunia neno.

Lilinijia kwa njia ya kazi. Watafiti wa udongo walikuwa wameanza majaribio ya kilimo kisichotegemea sana mbolea na dawa za dukani, na walitaka kuyafanya pamoja na wakulima, kwenye mashamba yao wenyewe, siyo kwenye kituo chenye uzio na bango. Wakahitaji mtu wa kuziweka karatasi zao katika Kiswahili. Wakaambiwa kwamba Mjimwema kuna bwana mmoja aliyesoma chuo kikuu, anaandika vitabu, na siku nyingi anapatikana nyumbani. Yote matatu ni kweli. Nadhani ni hilo la tatu lililonipa kazi.

Karatasi zilikuwa chache. Kila shamba la majaribio lilipaswa kugawanywa vipande vitatu vya viazi. A kitiwe mboji, B kitiwe mbolea ya dukani, C kisitiwe chochote, ili vile viwili vilinganishwe nacho. Watafiti walikiita hicho cha tatu kontroo, na walikuwa tayari kuliacha neno hilo kama lilivyo. Mimi ndiye niliyekataa. Nilisema mkulima ana haki ya kusoma Kiswahili kilichokamilika. Nikakaa na neno hilo siku mbili, nikinywa chai nyingi na kutembea ukumbini, mpaka nikapata: udhibiti. Lilikuwa na uzito. Lilisikika kama neno lililowahi kufanya kazi wizarani. Nikaandika kwenye jedwali: Kipande A, mboji. Kipande B, mbolea ya dukani. Kipande C, udhibiti.

Mtafiti mkuu, mwanamke mpole aliyevaa buti za mpira hata siku za jua, aliisoma karatasi yangu akasema, "Sawa tu." Nilitegemea zaidi ya hapo.

Mafunzo yalifanyika Makambako, kwenye ukumbi ambao upepo wake ulikuwa unafungua mlango kila tulipoufunga. Mtafiti alieleza vipande vitatu kwa dakika kumi, kila mtu akaelewa. Kisha mimi nikaomba dakika tano za kueleza istilahi, nikatumia nusu saa. Wakulima walinisikiliza kwa heshima ile wanayompa mchungaji mgeni. Karatasi zikagawanywa, na kwa wale wasiofika zikapelekwa na wenzao.

Mmoja wa wasiofika alikuwa mama mjane wa kijiji kimoja upande wa Wanging'ombe, mwendo wa bodaboda kutoka barabara kuu. Siku ile alikuwa msibani. Jirani yake alimpelekea karatasi, akamwambia, "Kila kitu kimeandikwa humo." Shamba lake ndilo lililokuwa zuri kuliko yote tuliyochagua, na ndilo lililokuwa na shida. Ekari ile ilikuwa ya ukoo wa marehemu mumewe. Shemeji yake, mdogo wa marehemu, alitaka kupanda misindano, kama nusu ya mkoa huu inavyofanya sasa. Ukisimama kilimani unaona misitu ya mbao ikishuka mpaka kwenye milango ya majiko ya watu. Mama hakutaka. Misindano haichimbwi ikapikwa, alisema. Wakabishana mwaka mzima, hadi tulipokuja sisi na vigingi vyetu. Shemeji akalegea kidogo: maadamu watafiti wapo shambani, hapandi mti. Siku wakiondoka, miche inaingia.

Miche yenyewe ilikuwa tayari kwenye viriba, nyuma ya nyumba ya shemeji, ikimwagiliwa kila jioni.

Katikati ya msimu nilimtembelea mama kwa ajili ya kuandika habari zake. "Kamwene," nikasalimia, naye akaitikia "Kamwene" bila kuinua kichwa kutoka kwenye matuta. Nilitazama shamba. Kipande C kilikuwa na majani ya kijani kibichi kilichokolea, karibu cheusi. Nikafikiri: udongo wa huku una siri zake. Sikuuliza. Nilikuwa nimekuja kuandika kuhusu mikono yake.

Tulivuna wakati wa Kwaresima. Mvua ilikuwa imepumzika, ukungu ulikuwa bado umeketi bondeni. Wanawake wa kikundi walichimba, mtafiti akapima kwa mizani ya kuning'iniza, mimi nikaandika. Kipande A kilizaa vizuri. B kikazidi kidogo. Kisha wakaanza kuleta viazi vya C, debe juu ya debe, viazi vikubwa kama ngumi ya mwashi, na kina mama wakaanza kupiga vigelegele. C, kipande kisichotiwa kitu, kilikuwa kimevishinda vyote.

Mtafiti hakupiga kigelegele. Alichuchumaa, akachukua udongo wa C, akauvunja vunja kwa vidole, akaunusa.

"Mama, hapa uliweka nini?"

"Nilifanya kama karatasi ilivyosema," mama akajibu, uso unang'aa.

"Yote?"

"Yote. Na zaidi."

Mtafiti akapangusa vidole polepole. Nilikuwa nimeanza kumzoea. Hiyo haikuwa dalili nzuri. Shemeji alikuwa amesimama kwenye mpaka, mikono nyuma, kofia ya sufu imevutwa mpaka kwenye nyusi. Akamuuliza mtafiti, taratibu kabisa, "Kwa hiyo daktari, jaribio limeharibika?"

"Bado sijui," akajibu. "Tutakaa Makambako leo tuamue mashamba yapi yanaendelea."

"Sina haraka," shemeji akasema. Lakini akaondoka kuelekea kwake, kule kwenye viriba.

Mama akaniita jikoni ninywe chai. Ukutani, kando ya kalenda ya kanisa, karatasi yangu ilikuwa imepigiliwa misumari minne, imegeuka rangi ya moshi. Akaweka kidole kwenye mstari wa tatu.

"Hapa ndipo palipokuwa na kazi, baba. Mboji, unaweka, umemaliza. Mbolea ya dukani, unaweka, umemaliza. Lakini udhibiti!" Akatikisa kichwa kama mtu anayekumbuka safari ndefu. "Nikawauliza wenzangu, tudhibiti nini? Mmoja akasema redioni huwa wanasema udhibiti wa wadudu. Mwingine akasema udhibiti wa magonjwa. Mwenyekiti akasema ofisini Igwachanya kuna bango la udhibiti wa mmomonyoko. Nikasema, basi wametaka vyote vitatu, ila wamefupisha."

Akanihesabia kwa vidole. Kwa wadudu alitwanga majani ya utupa, akaloweka, akanyunyiza kila wiki. Kwa magonjwa alimwaga majivu, akaongeza samadi ya zizini, maana mmea wenye njaa haukatai ugonjwa. Kwa mmomonyoko alichimba mtaro upande wa juu na kutandaza majani makavu juu ya kila tuta.

"Nilijiambia, hiki cha udhibiti ndicho watakachokuja kukagua."

Chai ilinipalia. Akanigonga mgongoni, akasema ni tangawizi.

Mtu mwema angesimama pale pale, akatoka nje, akasema. Mimi niliaga. Katika gari la watafiti nilikaa kiti cha nyuma na kutazama misindano ikipita, nikijitungia sababu. Kwamba ningemchanganya mama mbele ya wenzake. Kwamba shemeji angedakia. Sababu zote zilikuwa na sarufi nzuri. Ukweli ni kwamba nilikumbuka ile nusu saa yangu ukumbini, na sikutaka kulizika neno langu mbele ya watu waliolisikia likizaliwa.

Makambako, mtafiti alifungua fomu kwenye meza ya mgahawa karibu na njia panda, malori yakinguruma nje. Alifika kwenye shamba la mama. Akaandika: Mkulima hakufuata... Akasita, kalamu juu.

"Ananitia huruma huyu mama," akasema. "Lakini siwezi kuwaambia wenzangu kwamba kontroo imeshinda kwa sababu ya maombi."

"Alifuata," nikasema.

"Alifuata nini?"

"Mimi."

Nikamweleza yote, utupa, majivu, samadi, mtaro. Akaanza kucheka, akaweka kalamu chini, akacheka mpaka mhudumu akaja kuuliza kama tunahitaji kitu. Alipomaliza akafuta macho, na uso wake ukawa mwingine.

"Tangu jikoni ulijua?"

"Tangu jikoni."

"Na ulimwacha amesimama pale na shemeji yake?"

Nikamsukumia kalamu yake.

"Kesho tunarudi," akasema. "Na utasema wewe, siyo mimi."

Basi kesho yake nikasimama kwenye tuta la C lililochimbwa, mbele ya mama, kina mama wa kikundi, na shemeji aliyekuwa amekuja na jembe begani. Nikasema kosa lilikuwa kwenye karatasi, kwamba kipande kile kilitakiwa kiachwe bila kitu, na kwamba neno lilikuwa langu. Nilisema kwa ufupi. Ilikuwa hotuba yangu bora mwaka ule.

Mama akasogea hadi ukingo wa tuta.

"Kwa hiyo ulitaka tusifanye kitu."

"Ndiyo, mama."

"Na kwa kutofanya kitu ukatafuta neno kubwa namna ile?"

Kina mama walishikana mabega kwa kicheko. Mmoja akasema, "Msameheni, shule ndefu," na mwingine akasema ndiyo maana wanaume wa ofisini wanachoka hivyo, kumbe kutwa nzima wanadhibiti. Nilicheka nao. Ilikuwa njia pekee iliyobaki.

Ila mama hakucheka sana. Akamgeukia mtafiti. "Mimi nimekosea?"

"Hapana, mama. Umetufundisha kitu ambacho hatukukiuliza. Yale uliyoyafanya kwenye C nataka tuyaandike, tuyajaribu vizuri. Lakini ardhi hii imeshakula. Kwa kulinganisha nahitaji sehemu ambayo haijatiwa chochote."

Wote tukatazama upande wa juu, ng'ambo ya mtaro. Sehemu pekee iliyobaki ilikuwa ile ambayo shemeji alikuwa ameanza kuichimba asubuhi ile, mashimo kama ishirini, yamepangwa mstari mmoja ulionyooka.

"Pale nimeshachimba," akasema.

"Tumeona," mama akasema. "Mashimo mazuri kabisa ya viazi, shemeji. Umetupunguzia kazi."

Shemeji alimtazama mama, akatazama wale wanawake, akamtazama mtafiti. "Mnataka kuweka njaa kwenye ardhi ya kaka yangu? Watu wapite waseme ukoo huu hauwezi hata kulima?"

Nikaelewa, nikiwa nimechelewa kama kawaida yangu, kwamba hili nalo lingevunja jaribio hata kama karatasi ingekuwa sahihi. Huku, kipande dhaifu kando ya njia ni aibu ya mwenye nyumba. Hata mama, kama angeielewa karatasi, angeweza kukitia majivu kisirisiri. Mtafiti alifungua mdomo kueleza takwimu. Mama akamtangulia.

"Hakina njaa. Kinafunga."

"Kinafunga nini?"

"Kinafunga, kama wewe ulivyofunga Ijumaa. Nani alikusema huna chakula nyumbani? Na mtu akifunga, nani anampelekea ugali kwa nyuma?"

Shemeji akakuna kichwa chini ya kofia. Alikuwa mzee wa kanisa. Hapo hapakuwa na pa kutokea.

"Na kufungua ni lini?" akauliza.

"Misimu mitatu," mtafiti akasema. "Pungufu ya hapo haituambii kitu."

Nilimwona mama akiinua vidole vitatu, mmoja mmoja, juu ya kanga kiunoni mwake, kisha akavikunja.

Shemeji alisimamisha jembe lake kwenye shimo mojawapo. "Miche haiwezi kukaa kwenye viriba misimu mitatu. Itabidi niipeleke kule kwangu mtoni."

"Kule ni pazuri," mama akasema upesi.

"Misimu mitatu. Siyo minne."

"Mitatu," mtafiti akasema. "Tuandikishane."

Wote wakanigeukia mimi, kwa sababu kalamu nilikuwa nayo. Niliandika juu ya goti, kwa herufi kubwa, mistari sita tu. Kwenye mstari wa C niliandika: kipande kinachofunga, kisitiwe chochote kabisa. Shemeji akaweka sahihi. Mama aliichukua karatasi, akaisoma kwa sauti, akarudi mwanzo, akaisoma tena.

"Hakuna neno lingine limejificha humu?"

"Hakuna, mama."

Akampa mtafiti aisome na yeye, ndipo akaweka sahihi.