Mkono Uliokuwa Ukimchezea Zuhura

Nilimsukuma mdogo wangu Zuhura, akaangukia beseni la korosho. Wivu tu. Juzi zahanati nilimwona mzee ambaye mkono wake ulitetemeka wenyewe juu ya goti, nesi akataja Parkinson, ugonjwa unaotetemesha viungo na hata kuondoa uwezo wa kunusa, nikaikumbuka alasiri ile ya utotoni Mandawa. Korosho ziliungua jikoni, moshi ukatutoa machozi, lakini Babu hakusikia harufu yoyote. Alikaa mkekani, kiganja chake kikichezacheza kichwani kwa Zuhura. Mimi, mjuaji wa kila kitu, nikaona anabembelezwa yeye peke yake. Nilipomsukuma, mkono ule uliendelea kucheza juu ya mkeka mtupu.

Mama aliutazama muda mrefu, kisha akaniambia: “Hakuwa anambembeleza mtu. Mkono wa babu yako hautulii. Kesho tunampeleka hospitali Nachingwea, na wewe utaushika njia nzima. Si uliutaka?”