Mstari Mweusi Tumboni mwa Mtani Wangu

Niliondoka Kisarawe kwa sababu fundi cherehani mmoja aliniambia kwamba bonde la Kilombero lina mpunga mrefu hata mtu hupotea shambani kwake mwenyewe. Niliacha shule mapema, kwa hiyo hapakuwa na mwalimu wa kumwomba ruhusa. Nikapanda treni.

Ifakara nilishuka asubuhi, nikavuka mto kwa kivuko, kisha lori likanifikisha karibu na Malinyi. Mwenyeji wangu huko alikuwa Masanja, Msukuma aliyehamia na ng'ombe wake. Mimi Mzaramo. Utani wetu ni wa mababu, tukaanza kutukanana kabla sijatua begi.

“Mzaramo, umefuata nini? Huku hakuna ngoma.”

“Nimekuja kukufundisha kuoga, shemeji wa ng'ombe.”

Kesho yake mkokoteni wake ulipinduka, mti wa nira ukampiga mbavu za kushoto. Aliinuka akicheka. Lakini mchana akakataa ugali.

“Huyu hajawahi kukataa ugali hata siku ya msiba,” mkewe akasema. “Shemeji, mpeleke hospitali.”

Tukarudi Ifakara kwa lori lililobeba mpunga, yeye amelala juu ya magunia kama chifu.

Wodini, daktari, mama mmoja mtulivu, alisukuma mashine ya picha hadi kitandani. Masanja akaruka.

“Hiyo ni ya wajawazito! Mke wangu alipimwa hiyo hiyo.”

“Lala,” nikasema, “tujue ndama ni wa ng'ombe yupi.”

Wauguzi wakacheka, naye akalala kwa hasira. Daktari alimpaka jeli, akapitisha kipimo taratibu ubavuni. Mimi niliona mvua tupu, kama televisheni iliyokosa kituo.

“Hili ini, hii figo,” akanionyesha. “Damu ikimwagika tumboni, itaonekana nyeusi hapa katikati.”

Hapakuwa na weusi.

“Nilisema mimi!” Masanja akaanza kutafuta katambuga zake za matairi.

“Damu ikiwa kidogo hujificha,” daktari akamjibu. “Nitatazama tena baadaye.” Kisha akaninong'oneza mlangoni: “Akiondoka sasa, anaweza kufia njiani. Wewe ni mtani wake. Mzuie.”

Basi nikakalia katambuga moja, nikamwambia Wasukuma wanaogopa mashine kuliko simba. Hapo akagoma kuondoka mpaka anitukane sawasawa. Alianza na miguu yangu, akaja kwa mama mkwe wangu. Alipofika kwa babu yangu, sauti ikaanza kumwishia. Jasho likamtoka. Nikamkimbilia daktari.

Safari hii hata mimi niliuona: mstari mweusi, mwembamba, kati ya ini na figo. Wakampeleka chumba cha upasuaji. Bandama ilikuwa imepasuka.

Siku niliyoaga kurudi nyumbani, Masanja alikuwa ameketi, mkewe anamnywesha uji. Nilichojifunza ni hiki: mashine ile huulizwa zaidi ya mara moja, na mtu anaweza kucheka huku anavuja damu ndani.

Nilingoja matusi ya kuniagia. Hakutukana. Alinishika mkono tu, akaushikilia. Jambo hilo kati ya watani ni zito mno. Nikauchomoa mkono, nikatoka haraka kabla hajaniliza mbele ya wauguzi.