Mkanda wa Papa Germain

Tangu Jenny aanze kujifungia chumbani jua linapozama, Clémentine alikuwa akipanga samaki wake wakavu wa kuuza sokoni huku sikio lake liko ukutani. Binti alishusha sauti, akaongea peke yake, akanyamaza kama anayengoja jibu, kisha akaendelea. Siku moja mama alinasa maneno haya: kwetu mwenye kubeba jina la marehemu haruhusiwi kulia, mwezi wa pili ukipanda, atavuka mto, wala hatageuka nyuma.

Usingizi ukamhama. Watu wa Likasi, mji wa migodi, hawakosi hadithi za wachimbaji wanaotoa kafara damu ya nyumbani ili madini yajitokeze. "Kwetu" ni wapi? Na atakayevuka ni nani?

Halafu Jenny hakuwa mtoto wa hivi hivi. Germain, mume wa Clémentine, alifukiwa na shimo la madini upande wa Kakanda. Siku ya kumaliza kilio ukoo ulikaa, ukatafuta wa kupokea jina lake, na Jenny ndiye aliyekuwa mkubwa wa watoto. Akanyweshwa maji katika kikombe cha baba yake, akafungwa mkanda wake wa ngozi. Kikombe alikishika Clémentine mwenyewe, maana mjane ndiye humnywesha mrithi. Toka hapo jina la Jenny halikusikika tena. Wadogo zake walimwita Papa, shangazi zake walimwita kaka. Mama alimwita Papa Germain, akamtengea kipande cha kwanza cha nyama, na watoto hawakula mpaka arudi kutoka kwenye kibanda chake cha kuuzia vocha za simu. Chuo alichokuwa ameanza kiliisha bila mtu yeyote kusema kimeisha.

Clémentine akaanza kuchunguza. Alinusa nguo. Aliinua godoro, akakuta soksi. Alipouliza kwa upole anaongea na nani, Jenny alijibu kwamba ni watu wa kwenye simu tu, akailaza simu kifudifudi. Mama hakulipenda jibu hilo, na simu kifudifudi ndiyo hakuipenda kabisa.

Siri akaipeleka kwa jirani, Mama Kabedi, mwombezi wa kanisa lao. Mama Kabedi alifumba macho kwanza.

"Mutoto mwenye kusemasema mu chumba ya kufunga, kuko muntu mwenye anamuyitika," alisema.

Wakapatana kwamba Jumapili Jenny asimamishwe mbele ya waumini, aombewe hadi aseme. Clémentine alijua uzito wake. Msichana akishaombewa namna hiyo, mtaa wote wa Kikula humpisha kwa ng'ambo ya barabara, na hakuna sabuni inayoliosha hilo. Lakini woga ulishinda.

Jumamosi alikwenda kusukwa nywele kwa Mélanie, asije akaaibika kesho yake kwa kichwa kibaya. Umeme ulikuwa umerudi. Mélanie aliegemeza simu kwenye kioo, akisema ni hadithi ya yule anayejiita Dada wa Miezi, ambaye hakuna anayemjua. Wanawake wakasogeza viti. Sauti iliyotoka ilikuwa ya Jenny.

Ilisimulia habari za Wazelu, watu wa sayari yenye miezi miwili. Kwao heshima ya nyumba haizikwi pamoja na marehemu. Mtoto wa kwanza hufungwa kamba ya marehemu, na jina lake hutupwa mtoni. Hula chakula cha marehemu, na halii. Mjane aliyemnywesha maji ya urithi ndiye pekee awezaye kumfungua, kwa kumwita jina lake la kuzaliwa. Lakini mjane hamwiti, kwa hiyo mrithi anangoja mwezi wa pili ili avuke mto, asirudi tena.

"Uyu mama iko mubaya kupita mwezi yenyewe," alisema Mélanie, chanuo mkononi, bila kujua anashika kichwa cha nani.

Mteja mwingine alicheka. "Anajua njia ya kumufungula. Ila anapenda kukuwa na bwana mu nyumba."

Clémentine aliinuka, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama. Njia nzima aliendelea kutafuta ubaya: labda ni mtego, labda mtoto anamsema kwa watu makusudi; lakini kila mara alijiona yeye ndiye yule mjane. Mlangoni kwa Mama Kabedi alisema tu kwamba kesho hataleta mtu. Mama Kabedi alizitazama zile nywele, akaweka jambo moyoni.

Nyumbani mlango ulikuwa umefungwa kama kawaida. Safari hii hakuweka sikio. Alichukua kikombe cha Germain, akabisha.

"Jenny."

Sauti ya ndani ilikatika.

"Mama, unaniita jina yangu. Nani alikufa?"

"Hakuna muntu alikufa. Fungula."

Mlango ulifunguka kidogo. Likaonekana jicho moja, na mkono umeshika mkanda kiunoni. Clémentine alisema amekuja kuuchukua. Jenny hakusogea. Aliuliza baba wadogo wamesema nini. Mama akajibu kwamba hawajui lolote. Kikombe alikishika yeye, si wao, na wakija kugomba watamkuta hapa.

Jenny alimkagua usoni, kisha mikononi, kama mtu aliyepewa chumvi bure.

"Na batoto bataita nani papa?"

"Hakuna. Papa yabo alikufa."

Neno hilo juu ya Germain lilikuwa halijawahi kutamkwa ndani ya nyumba ile. Jenny alisikiliza kidogo, kana kwamba kuna lingine linafuata nyuma yake. Halikufuata. Vidole vyake vikaanza kutafuta kifungo cha mkanda, na mama akaona tundu lililotobolewa kwa msumari, mbali sana na matundu ya Germain.