Mlangoni mwa Kanisa

Joaquina alizaa mtoto aliyekwisha kufa, na alipotaka kuinuka kitandani miguu yake ikakataa. Hospitalini waliichoma sindano, hakusikia kitu, wakamwambia avumilie, huenda nguvu zikarudi, huenda zisirudi. Mumewe, Délcio, hakuvumilia. Alikwenda Palma kutafuta kazi, maana wakati ule kila mwanamume wa mji wetu wa Mocímboa da Praia alikuwa akizungumzia gesi iliyopatikana baharini. Gesi yenyewe hatukuiona. Tuliona wanaume wakiondoka tu. Huko akatuma neno: Noeli ikipita na mke bado hasimami, arudishwe kwa mama yake huko Mueda.

Mama mwenyewe alikuwa kikongwe wa kuchotewa maji. Nani angemchotea mwenzake? Joaquina alichanganyikiwa kwa hofu, akaweka nadhiri kwamba atafagia kanisa letu kila asubuhi mpaka Mungu amsimamishe au amchukue. Ni wazimu, nilisema, na bado nasema. Mtu hafiki jikoni kwake, anaahidi kufagia nyumba ya Mungu.

Aliyembeba alikuwa jirani yake Chamima, Mwislamu wa hapa pwani. Alimfunga mgongoni kwa kanga kama mtoto, akamtua kizingitini. Ndani haingii, ndivyo alivyolelewa. Alikaa nje juani na tasbihi yake, akangoja.

Basi Joaquina akajikokota kwa matako, fagio mkononi, benchi hadi benchi mpaka altareni, kisha akarudi. Ngozi ilimchubuka. Kuna siku alilala kifudifudi sakafuni akimlaumu Mungu: umechukua mtoto, umechukua mume, umechukua miguu, unataka nini tena? Chamima aliyasikia yote. Aliniambia alilia kule nje mpaka kanga ikalowa, lakini hakuingia. Mungu si Athumani, tulikuwa tukimwambia Joaquina, na hakuna hata mmoja wetu aliyeyaamini maneno hayo.

Kwanza vidole vya mguu vilicheza. Kisha akaweza kupiga magoti akishika benchi. Noeli ilipokaribia alisimama, anatetemeka, fimbo mkononi.

Kwetu aliyepona huleta shukrani Jumapili, akaipeleka altareni kwa ngoma, pamoja na aliyemuuguza. Katekista Jerónimo akamwita. Joaquina akainuka na kapu lake la mihogo, wapigangoma wakaanza, naye akaipa altare mgongo. Akachechemea kuelekea mlangoni.

"Rudi mbele, shoga," Chamima alimwambia kutoka nje. "Mungu wako anakungoja."

"Atangoja," Joaquina akasema. "Wewe umeningoja juani."

Akamshika mkono na hakusogea. Ngoma zikanyamaza. Jerónimo akatazama altare, akatutazama sisi, mwishowe akashuka mwenyewe na kulipokea kapu pale kizingitini. Joaquina akatoka, akarudi nyumbani kwa miguu yake. Chamima alimfuata nyuma njia nzima, mikono ameitanua, tayari kumdaka.